Sungura Anakula, Mbona Hakui?

Huenda nyuma ya nyumba yako lipo banda la sungura. Wadogo wameachishwa ziwa, pumba za mahindi hazikosekani, lakini hawakui, na kitoweo ulichowatarajia watoto wako kinazidi kuchelewa. Usiilaumu mbegu kabla hujakitazama chakula.

Protini hujengwa kwa asidi amino za namna nyingi. Mfikirie fundi cherehani mwenye vitambaa vya mashati kumi na vifungo vya mashati manne: atamaliza manne tu. Ndivyo ulivyo mwili wa sungura. Asidi moja ikipungua, nyingine haziwezi kujenga nyama. Huvunjwa, na sehemu kubwa ya naitrojeni yake hutoka katika mkojo. Fedha yako imepotea.

Mahindi yana upungufu wa lisini. Soya ina lisini nyingi, lakini methionini yake ni haba. Mashudu ya alizeti au ya ufuta yana methionini zaidi, ila lisini kidogo. Basi vichanganye, kimoja kizibe pengo la kingine. Chakula cha sungura wanaokua kiwe na protini asilimia 16 hivi, na lisini karibu asilimia 0.7. Soya ikaangwe kwanza, kwa kuwa ikiwa mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini.

Ni kweli kwamba sungura hula tena kinyesi chake laini na kupata protini humo. Lakini kwa anayekua haitoshi. Wala nyasi kavu zisikosekane, maana bila nyuzinyuzi tumbo huharibika.

Wapime kila juma. Mizani ndiyo shahidi wako.