Mita za tokeni: Afueni yenye masharti

Kwa mpangaji wa Sigalagala, Kakamega, mita ya tokeni ina faida isiyopingika: imemwondolea bili ya makadirio, iliyoandikwa bila msomaji mita kufika langoni. Hununua stima kwa simu, akaingiza tarakimu 20, na taa zikawaka.

Hata hivyo, mzigo umehamia kwake. Salio likiisha, mita hukata yenyewe, hata saa nane za usiku. Na mitambo ya kuuza tokeni ikikwama, pesa alizo nazo hazimfai kitu. Isitoshe, baada ya Novemba 24, 2024, mita ambazo hazikuwa zimesasishwa hazingeweza kupokea tokeni mpya.

Nchini Uingereza, mita nyingi za malipo ya kabla hazizimi usiku; mteja hulipa asubuhi. Kenya Power, inayopokea fedha kabla ya kutoa huduma, haina sababu ya kumnyima mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha Sigalagala saa hizo chache.