Nasaha kwa Njia ya Simu

Baadhi ya wazazi wa hapa Dodoma wametuuliza: je, yafaa mwenye dhiki ya moyo kutaka ushauri kwa simu, au kwa simu ya video, kwa mshauri asiyemjua?

Jawabu letu ni kuwa yafaa, kwa masharti. Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, yaamrisha kwamba mume na mke wakihofiwa kufarakana, apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Basi asemaye kuwa ya nyumbani hayatoki nje kabisa, amefunga mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufungua.

Hospitali ya Mirembe imekuwapo hapa Dodoma tangu miaka ya 1920, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Lakini mtu wa Kondoa ana safari ya yapata kilomita 150 kuifikia. Tena jina la Mirembe limegeuzwa tusi vinywani mwa watu, hata kijana asiyelala kwa huzuni huona heri anyamaze kuliko kuonekana langoni pale. Simu humpunguzia umbali, na humwondolea haya. Kwa mambo ya watoto iko namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Masharti ni matatu. Kwanza, mjue mnasema na nani. Mshauri wa kweli hutaja jina lake, elimu yake na mahali pake pa kazi. Adaiye kutoa jini kwa simu, na kutaka fedha zitumwe kwanza, ni mwizi, hata akisoma aya ngapi.

Pili, siri. Binti hawezi kueleza yaliyompata ilhali mjomba yupo chumba cha pili anasikiliza. Apewe nafasi ya peke yake, wala simu yake isipekuliwe baadaye.

Tatu, mjue mpaka. Asemaye kuwa atajiua, au asikiaye sauti wasizosikia wenziwe, simu haimtoshi. Asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali iliyo karibu siku ile ile.

Wako wasemao kuwa huzuni ni upungufu wa imani. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye alikuwa Nabii. Sisi tunaosomesha vyuoni twamwona mtoto aliyehifadhi juzuu nzima, kisha ghafula hawezi kusoma aya tatu. Fimbo haitamrudishia hifadhi yake. Enyi wazazi, mwulizeni kwa upole, na akishindwa kuwaambia nyinyi, mtafutieni atakayeweza kumwambia.

Wabillahi tawfiq.