Tiba ya selimundu imepatikana, lakini nani atailipia?

UINGEREZA ilipoidhinisha tiba iitwayo Casgevy, Novemba 16, 2023, ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu wagonjwa watibiwe kwa njia ya kuhariri jeni. Wiki tatu baadaye, Desemba 8, Marekani nayo iliiruhusu kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Siku hiyo hiyo ikaruhusu na tiba ya pili, Lyfgenia, ambayo nayo hutumia seli shina za mgonjwa mwenyewe.

Shangwe ilikuwa kubwa, na ilistahili. Kisha ikatajwa bei. Casgevy nchini Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na Lyfgenia ni dola milioni 3.1. Kwa kukadiria dola moja kwa Sh2,500, tiba ya bei nafuu kati ya hizo mbili ni Sh5.5 bilioni.

Kwa Tanzania hesabu hiyo si ya kuchezea. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu kwa miaka mingi ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini na selimundu kila mwaka. Kuwatibu wote waliozaliwa mwaka mmoja kwa bei ya Marekani kungegharimu dola bilioni 24.2, yaani zaidi ya Sh60 trilioni. Bajeti nzima ya Serikali kwa mwaka wa fedha 2025/26, yenye barabara, mishahara, pembejeo na kulipa madeni, ilikuwa Sh56.49 trilioni.

Kwa hiyo swali si kama tiba inafanya kazi. Inafanya kazi. Swali ni kama itawafikia wale wanaougua, na kama haitawafikia leo, fedha kidogo iliyopo ielekezwe wapi.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja mfano wa mundu wa kuvunia, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Matokeo yake ni maumivu makali, upungufu wa damu, kiharusi, maambukizi na, kwa watoto wengi wa Afrika, kifo kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa watoto 515,000 walizaliwa na ugonjwa huo duniani mwaka 2021, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa kusini mwa Jangwa la Sahara.

Hautokei Afrika kwa bahati mbaya tu. Mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imestawi kwenye maeneo ya malaria. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanyika Kanda ya Ziwa na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji wa jeni hiyo, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Hiyo ni kanda ya pamba, mpunga, samaki na ng'ombe. Kaya yenye mtoto mgonjwa hupoteza siku za palizi ikiwa wodini, na mara nyingi ng'ombe ndiye hulipia nauli, damu na dawa.

Ili kuelewa kilichogunduliwa, mkulima anaweza kuufananisha uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, na kitalu. Humo zimo seli shina, ambazo kazi yake ni kuotesha chembe mpya za damu maisha yote ya mtu. Mbegu ya kitalu ikiwa na kasoro, kila mche utakaotoka utakuwa na kasoro ile ile. Kumwongezea mgonjwa damu ni kununua miche kwa jirani. Inasaidia msimu mmoja, lakini kitalu kimebaki vile vile.

Njia ya kwanza ya kubadili kitalu ni kupandikiza uloto wa mtu mwingine. Njia hiyo si ngeni. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyeianzisha katika miaka ya 1950, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Tatizo lake ni kupata mtoaji anayelingana na mgonjwa. Anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja, na uwezekano wa kila ndugu kulingana kikamilifu ni asilimia 25 tu.

Njia ya pili ndiyo hii mpya. Mtoto akiwa tumboni hutumia aina nyingine ya himoglobini, ambayo haina kasoro ya selimundu. Ndiyo sababu dalili hazionekani hadi miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, pale mwili unapoizima himoglobini hiyo ya utotoni. Casgevy huchukua seli shina za mgonjwa, hukata sehemu ya jeni inayohusika na kuizima, kisha seli hizo hurudishwa mwilini. Mkasi unaotumika, uitwao Crispr, uliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kwa kuwa seli ni za mgonjwa mwenyewe, hahitaji ndugu wa kulingana naye.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya Marekani kutoa kibali, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali ya kuwalaza hospitali. Baadhi yao walikuwa wamezoea kulazwa mara kadhaa kila mwaka.

Hata hivyo, tiba hiyo si sindano ya asubuhi moja. Mgonjwa huchomwa dawa ya kuzitoa seli shina kwenye uloto ziingie katika damu, mashine ikazikusanya, nazo zikasafirishwa kwenda kiwandani ambako huandaliwa kwa miezi kadhaa. Zinaporudi, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uloto wa zamani, kisha hukaa wiki nne hadi sita katika chumba maalumu kwa sababu mwili hauna kinga. Dawa hiyo inaweza kumfanya asizae tena. Hapo ndipo chanzo kimoja cha bei kinapoonekana: kila mgonjwa ni kiwanda chake mwenyewe. Hakuna dawa ya kutengenezwa kwa maelfu na kupangwa rafuni.

Chanzo kingine ni mtaji. Mwaka 2021 kampuni ya Vertex ya Marekani ililipa dola milioni 900 kwa mwenzake, Crispr Therapeutics, ili tu sehemu yake katika mradi huo ipande kutoka asilimia 50 hadi 60. Fedha ya namna hiyo hutafuta faida, na wagonjwa wa nchi zenye bima nzuri ndio wanaotarajiwa kuilipa. Marekani ina wagonjwa wa selimundu wapatao 100,000 tu, lakini soko limefuata mifuko yao, si idadi ya wanaougua.

Hata huko tajiri, biashara haijawa nyepesi. Kampuni ya Bluebird Bio, yenye Lyfgenia, ilijiondoa Ulaya mwaka 2021 baada ya kushindwa kuelewana na wanunuzi kuhusu bei ya tiba yake ya ugonjwa mwingine wa damu. Mwaka 2025 kampuni hiyo, iliyopata kuthaminiwa kwa mabilioni ya dola katika soko la hisa, iliuzwa kwa sehemu ndogo mno ya thamani hiyo. Kuwa na dawa nzuri na kuwa na biashara nzuri ni mambo mawili.

Serikali za nchi hizo nazo zimetafuta njia. Uingereza ilikubali Januari 2025 kuwagharamia wagonjwa wa selimundu wapatao 50 kwa mwaka, baada ya kujadiliana na mtengenezaji kuhusu bei ya pauni milioni 1.65 iliyotangazwa. Nchini Marekani, majimbo 33 yalijiunga mwaka 2025 na mpango wa kulipa kwa matokeo, ambapo tiba isipofanya kazi kama ilivyoahidiwa kampuni hurudisha sehemu ya fedha. Katika Ghuba, ambako selimundu si mgeni, Bahrain iliidhinisha Casgevy Desemba 2023 na Saudi Arabia mwezi uliofuata.

Wapo wanaosema bei itashuka kama ilivyoshuka ya dawa za Ukimwi. Mwaka 2000 dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuziuza kwa dola 350. Mfano huo ni mzuri, lakini una mpaka wake. Vidonge vya Ukimwi vilikuwa ghali kwa sababu ya hataza, wakati gharama ya kuvitengeneza ilikuwa ndogo. Seli shina zilizohaririwa ni ghali kwa hataza na pia kwa kazi yenyewe. Hata kampuni ikiacha faida yake yote, bado zitabaki gharama za kiwanda, chumba maalumu na wiki za uangalizi.

Kwa sababu hiyo, matumaini ya kweli kwa Afrika yapo kwenye teknolojia ya aina nyingine: sindano itakayozifuata seli shina ndani ya mwili na kuzihariri humo humo, bila kiwanda wala dawa ya kuua uloto. Oktoba 2019 Mfuko wa Gates na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kutoa angalau dola milioni 100 kila upande kwa miaka minne kutafuta tiba za namna hiyo kwa selimundu na Ukimwi, zikilenga majaribio kwa binadamu, Afrika ikiwemo, katika miaka saba hadi 10. Sindano hiyo bado ni suala la maabara.

Wakati huo unaposubiriwa, nchi haijakaa mikono mitupu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Gharama yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi, si mabilioni. Ni hatua kubwa, na familia zilizokuwa zikitazama India sasa zina pa kuanzia. Lakini vitanda ni vichache, na wenye ndugu wa kulingana nao ni wachache pia. Kwa watoto 11,000 wa kila mwaka, upandikizaji utabaki mlango mwembamba.

Mlango mpana uko kwingine. Kati ya mwaka 2014 na 2018 watafiti waliwapa watoto 606 wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda dawa ya zamani ya kumeza, haidroksiurea. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua kwa takriban nusu, kuongezewa damu kukashuka kwa theluthi mbili, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Dawa hiyo haiponyi, na huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, lakini humfikisha mtoto darasani na hatimaye shambani. Ukiongeza penisilini ya kukinga maambukizi, chanjo, chandarua na kipimo siku chache baada ya kuzaliwa, maisha mengi huokolewa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya tiba moja ya Marekani.

Hapo ndipo penye uamuzi wa kisera. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha mtoto mchanga na haidroksiurea ya kila siku vikiwa ndani ya kitita ambacho mkulima wa Magu au Sengerema anaweza kukimudu, sheria hiyo itakuwa imemgusa. Vikibaki vya kununuliwa mfukoni, ng'ombe ataendelea kuuzwa.

Kuna hatari nyingine ambayo wananchi wanapaswa kuijua. Jina la seli shina limekuwa la biashara. Duniani kote zipo kliniki zinazouza sindano za seli hizo kwa magoti, macho, kisukari na uti wa mgongo kana kwamba yote yamethibitishwa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa machoni, kila mmoja akiwa amelipa dola 5,000. Ni kweli utafiti halali unasonga mbele: mwaka 2025 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliopewa seli zilizooteshwa kutokana na seli shina, na 10 kati yao waliacha insulini ndani ya mwaka. Lakini hayo yalikuwa majaribio chini ya uangalizi, na mgonjwa wa jaribio halali hatozwi mamilioni ili ajaribiwe. Anayeombwa kuuza shamba kwa ajili ya sindano ambayo hospitali ya rufaa haiitambui ana haki ya kuuliza mara mbili.

Kwa taifa, kazi mbili zinakwenda sambamba. Moja ni kuwaweka hai watoto waliopo kwa dawa zilizopo. Nyingine ni kujiandaa kwa sindano inayokuja: daftari la wagonjwa, maabara, madaktari wa damu, na meza ya majadiliano ambapo nchi zenye wagonjwa wengi zitazungumza kwa sauti moja. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na takwimu hizo ni mtaji ambao kampuni yoyote yenye tiba mpya itauhitaji. Mtoto ambaye hakupimwa hayumo katika daftari lolote, na sindano itakapofika haitamkuta.