Kitabu cha gereza si kitabu cha hukumu

Leo nataka kusema neno kali kidogo. Wale litakaowachoma wasinikasirikie upesi. Wasome kwanza mpaka mwisho.

Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyebatizwa na kukomunika hapa kwetu, alikwenda Marekani pamoja na wakimbizi wengine. Kule alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, ndani ya kaunti moja ya mashamba, mbali na miji mikubwa. Kaunti ni sehemu ya jimbo, karibu kama teritware kwetu.

Jumapili moja, mbele ya Misa ya pili, telefone zilianza kulia uwanjani mwa kanisa. Mtu fulani wa ng'ambo alikuwa ametuma picha: uso wa kijana wetu, macho mekundu ya usingizi, ukuta wa kijivu nyuma yake. Chini yake jina, siku aliyoingizwa gerezani, na maneno machache ya Kiingereza. Mwimbaji mmoja wa kwaya, mwenye kujua Kiingereza kidogo, akayafasiri: «Ametoroka hukumu.» Padri alipotoa baraka ya mwisho, mtoro alikuwa amekwisha kuwa mwizi. Jioni akawa muuaji. Siku ya tatu baba yake aliombwa aache kwanza kuongoza shirika lake. Juma lile lile wazee waliokuja kumposa dada yake walituma mjumbe kusema kwamba wanangoja kwanza.

Na ukweli ulikuwa nini? Maneno yale ya Kiingereza yalisema tu kwamba hakufika mbele ya juji siku aliyoitwa. Polisi walikuwa wamemwandikia kosa la taa ya motokari iliyovunjika. Barua ya tribinali ikaenda katika nyumba aliyokwisha kuihama. Siku ikapita, juji akatoa amri akamatwe. Alilala gerezani usiku mmoja, akaeleza mambo yake mbele ya juji, akalipa faini, akarudi kazini. Ndiyo kesi yote. Lakini faini haina picha, na hakuna mtu aliyetuma habari zake.

Mimi nami nilioneshwa picha ile mlangoni mwa kanisa. Niliitazama, nikarudisha telefone, nikanyamaza. Mimi mwalimu wa amri za Mungu! Basi ninayoyaandika hapa nayaandika kwanza juu yangu mwenyewe.

Tuulize sasa: kitabu kile cha gereza ni kitu gani? Inchi ya Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Kwa kawaida kila kaunti ina gereza lake, chini ya sherifu, ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa na watu kwa kura. Mtu akikamatwa hupelekwa huko. Huandikwa jina lake, saa aliyoingia na kosa analoshitakiwa, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole. Masherifu wengi huweka majina hayo katika intaneti, mara nyingi siku ile ile. Gereza hilo si kama nyumba kubwa za wafungwa waliokwisha kuhukumiwa miaka mingi. Humo hukaa hasa watu wanaongoja juji, na wengine wenye azabu fupi, mara nyingi chini ya mwaka mmoja. Katika mwaka mmoja uliokwisha katikati ya 2022, watu waliandikwa kuingia magereza hayo zaidi ya mara milioni 7. Na kati ya wale wanaokaa humo, karibu wawili katika kila watatu, au hata zaidi, hawajahukumiwa kosa lolote.

Umesikia vema? Hawajahukumiwa. Kuandikwa katika kitabu kile maana yake ni hii tu: polisi wamemshika mtu huyu, naye yuko hapa. Kama amekosa au hakukosa, kitabu hakijui. Anayejua ni juji, baada ya kusikia pande zote mbili, na maneno ya juji huandikwa katika kitabu kingine, kitabu cha tribinali. Ewe unayesoma kitabu cha kwanza na kutangaza kama umesoma cha pili, nani alikuweka kuwa juji?

Watu wengine wananijibu: «Katekista, sisi hatukusema uongo. Tulitangaza tu yale serikali ya Marekani yenyewe iliyoandika.» Jibu hilo ni jepesi, wala halitoshi. Ekleziya yafundisha kwamba amri ya nane huvunjwa kwa njia nyingi. Anayemsingizia mwenzake jambo la uongo amekosa. Anayefunua kosa la kweli la mwenzake bila sababu ya haki, naye amekosa. Na anayesadiki moyoni ubaya wa mtu bila ushahidi wa kutosha amekosa pia, hata asipofungua kinywa. Katika kisa chetu zambi zote tatu zilitembea pamoja siku moja, nazo zilitembea kwa miguu ya watu waliotoka kukomunika.

Tena msifikiri kwamba Wamarekani wenyewe huona jambo hili kuwa jema lote. Kwao walitokea wafanyabiashara waliokusanya picha za watu waliokamatwa, wakaziweka katika intaneti, kisha wakamwambia mwenye picha: lipa feza, nasi tutaiondoa. Hata mtu ambaye juji alimwacha huru, uso wake uliendelea kuonekana kama uso wa mwovu. Ndiyo maana majimbo kadhaa, kama Georgia mwaka 2013 na California mwaka 2014, yalitunga sheria juu ya biashara hiyo. Na mwaka 2021 California ilikataza polisi na masherifu kutangaza katika mitandao picha za watu wanaoshukiwa makosa yasiyo ya jeuri, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wamarekani wafanya bidii kuzima moto huo, na sisi tunaupokea kwa telefone na kuuwasha tena barazani kwetu, bure, bila hata kulipwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwingine atasema: «Basi, afazali majina hayo yafichwe yote, mtu asijue nani amekamatwa.» La, ndugu yangu! Hapo ndipo nakataa kwa nguvu zote. Kitabu cha gereza ni kitu chema. Kiliwekwa ili mtu asipotee. Jina likiandikwa na kuonekana, ndugu zake watamtafuta, wakili atajua pa kwenda, juji ataweza kuuliza: huyu ameshikwa siku gani, na kwa nini yuko hapa bado? Mwaka 1991 Tribinali Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu akikamatwa bila amri ya juji, kwa kawaida juji sharti aangalie sababu za kumshika mbele ya saa 48 kupita. Bila kitabu, nani atahesabu saa hizo?

Nasi tunajua uchungu wa jina lililofichwa. Ni mara ngapi tumemwona mama akibeba sahani ya chakula, anatoka kasho moja kwenda kasho nyingine, na kila mlangoni anaambiwa: «Hayuko hapa»? Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema wazi. Katika kifungu cha 17, uhuru ndiyo desturi, na kufunga mtu ni jambo la pekee tu; na kila anayeshitakiwa ahesabiwe kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Katika kifungu cha 18, anayekamatwa aambiwe sababu upesi, tena katika luga anayoisikia. Aruhusiwe mara moja kupasha habari jamaa yake au wakili wake. Wala asishikwe na polisi kupita saa 48 bila kuachwa huru au kutolewa mbele ya wakubwa wa haki. Oneni: saa 48 kule, saa 48 hapa. Sheria zafanana. Lakini sheria isiyo na kitabu kinachoonekana ni kama saa isiyo na mishale.

Basi kuna makosa mawili, nayo ni ndugu. La kwanza ni kuficha jina la mfungwa hata kwa mama yake. La pili ni kulitembeza jina hilo sokoni kama samaki. Wa kwanza wamnyima mtu msaada, wa pili wamnyima heshima. Na wote wawili wamesahau kwamba nyuma ya jina lile lililoandikwa yuko mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu.

Kama una mtoto au ndugu ng'ambo, nawe umesikia kwamba amekamatwa, mtafute kwa mapendo, tena kwa akili. Uliza kwanza jina la kaunti, maana kila gereza lina orodha yake. Mwenzako aliye kule aangalie orodha ya sherifu, na kama kaunti ile ndogo haina orodha katika intaneti, apige telefone gerezani. Angalieni majina: sisi tuna jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo, na karatasi za kule mara nyingi huyageuza, tafuteni kwa kila moja. Tena msiitegemee tarehe ya kuzaliwa peke yake, kwa sababu wakimbizi wengi waliandikiwa wote tarehe 1 Januari, na mmoja anaweza kuhesabiwa kuwa mwingine. Mkimwona katika orodha, ulizeni siku ya kwenda mbele ya juji na kiasi cha dhamana. Halafu ngojeni maneno ya tribinali. Na orodha ile ikae kwenu ninyi mnaoweza kumsaidia. Haina kazi katika telefone ya kwaya.

Na viongozi wa mashirika nawaomba jambo moja. Mtu akileta picha ya namna hiyo, muulizeni mbele ya wote: «Umekuja tumsaidie, ao umekuja tumcheke?» Kama ni kusaidia, kusanyeni sadaka, mwende kwa wazazi wake. Kama ni kucheka, mwambieni afute. Na kama mlikwisha kuituma, haitoshi kuungama kwa siri. Yafaa kurudisha mlichoiba. Nendeni kwa wale wale mliowaambia uongo, muwaambie ukweli.

Kwa kijana wetu kazi hiyo haijakwisha. Baba yake amerudi kuongoza shirika, lakini wazee wa posa hawajarudi, na dada yake bado anangoja nyumbani. Nani kati yetu atakwenda kwao kusema, «Sisi ndio tuliodanganya»? Mimi nimekwenda mara moja. Nahitaji wenzangu.

Tukumbuke Ijumaa Kuu. Juu ya kichwa cha Bwana wetu Yesu Kristu Pilato aliweka mashitaki yake, yameandikwa kwa luga tatu, mahali karibu na mji, nao wengi wakayasoma. Wapita njia walisoma, wakatikisa vichwa, wakacheka. Mama yake alibaki amesimama chini ya msalaba. Siku picha nyingine itakapofika katika telefone yako, jiulize utasimama upande gani.