Wepesi wa Mhadhara Si Elimu

Jioni moja mtaani Kaloleni, Kisumu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinilalamikia: “Mwalimu, hutufundishi, watuacha tubishane tu.” Darasani nilikuwa nimewataka wapambanue wenyewe sauti za Kidholuo kabla sijazieleza. Yeye alitamani mhadhara.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanafunzi wa fizikia ya utangulizi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ulidhihirisha jambo la ajabu: waliotatua maswali kwa vikundi walijifunza zaidi ya waliosikiliza mhadhara, ilhali wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Mahangaiko ya kufikiri waliyadhania kuwa ujinga.

Walimu, tuwaeleze wanafunzi haya siku ya kwanza. Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame: fungeni daftari, mweleze mlichojifunza. Hicho ndicho kipimo.