KOSA SI LA PUNDA, NI LA KULABU

Ndugu wafanya kazi wa mashamba,

Mara nyingi katika karatasi hii tumesema juu ya mishahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema juu ya kipande cha chuma kisichozidi upana wa kiganja. Msicheke. Kipande hicho kimeumiza migongo ya watu wetu, kimechuna vifua vya wanyama, na kimewapunguzia watu mishahara yao. Ni kile chuma cha mbele ya jembe la palizi, mahali mnyororo unapofungwa. Sisi tutakiita kulabu.

Jembe tunalosema ni lile la meno matano, lenye gurudumu dogo mbele na mikono miwili nyuma, linalokokotwa kati ya mistari ya mahindi. Huko Uingereza na Marekani majembe ya namna hii yalivutwa na farasi. Kwetu farasi hawakudumu katika kazi ya shamba, maana ugonjwa wao uliwaua wengi, na kazi ikawaangukia ng'ombe na punda. Lakini awe farasi, awe ng'ombe, awe punda, kanuni ya kuvuta ni moja, na asiyeijua kanuni hiyo hulaumu mnyama bure.

Sisi tunaoandika tumeifanya kazi hii kwa mikono yetu. Katika shamba moja ng'ombe waliuzwa, wakanunuliwa punda. Jembe lilibaki lile lile, mnyororo ule ule, kulabu pale pale. Tangu siku ya kwanza jembe likawa linapiga pua chini. Gurudumu lilizama, meno yalishuka yakakata mizizi ya mahindi, na punda alisimama kila baada ya hatua chache. Mshika jembe ilimbidi ailalie mikono ya jembe kwa uzito wake wote ili kuinua pua, kutoka asubuhi mpaka jua la utosi. Usiku hakuweza kulala chali.

Nyapara alisema punda ni mvivu, akaleta fimbo. Mwenye shamba alihesabu mashina yaliyong'olewa, akasema mshika jembe ni mzembe, na mwisho wa mwezi akamkata mshahara. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuitazama kulabu. Na sisi wenyewe twakiri kwamba majuma mawili yalipita hatujaitazama.

Siku moja mvua ilitufungia chini ya bati pamoja na lile jembe. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa fundi wa mikokoteni akachukua uzi. Ncha moja akaishika penye mkanda wa kifua cha punda, ncha ya pili akaishusha mpaka katikati ya meno ya jembe, kwenye kina yanapofanyia kazi. Akatuambia, "Tazameni kulabu iko wapi." Ilikuwa juu ya uzi, karibu upana wa vidole vinne. Hapo tukaelewa.

Maana yake ni hii. Nguvu ya mnyama hupita katika mstari ulionyoka, kutoka mahali anaposukuma kwa mwili wake, kupita penye kulabu, mpaka katikati ya meno ndani ya udongo. Kulabu ikiwa juu ya mstari huo, mnyororo huivuta ishuke irudi mstarini, na pua ya jembe huzama. Ikiwa chini ya mstari, mnyororo huiinua, meno yakakwaruza juu juu, na magugu yakabaki yakicheka. Ng'ombe huvuta kwa nira iliyo juu penye shingo. Punda huvuta kwa mkanda ulio chini penye kifua, na yeye mwenyewe ni mfupi. Kwa hiyo, ng'ombe walipoondoka, mstari ulishuka, lakini kulabu haikushuka nao. Ilikuwa pete moja tu, imechomelewa, haina pa kwenda.

Tulikwenda kwa fundi wa jua kali. Alituchongea bamba la chuma lenye matundu matano, moja juu ya jingine, akalifunga mbele ya jembe pamoja na bolti moja ya kuhamisha. Kwa punda yule tundu la pili kutoka chini ndilo lililofaa. Tulipojaribu, gurudumu liligusa ardhi bila kuikandamiza, na mshika jembe aliweza kuiachia mikono kwa hatua kadhaa, jembe likaenda lenyewe. Hicho ndicho kipimo, ndugu, wala hakihitaji shule: achia mikono kidogo. Ikiinuka juu na pua ikazama, shusha kulabu. Ikianguka na meno yakatoka nje, pandisha kulabu.

Mnyororo pia una kazi yake. Ukiufupisha, mstari huwa mkali zaidi kwenda juu, na jembe huwa jepesi chini. Ukiurefusha, jembe huzama. Lakini usiufupishe mpaka chuma kikagonga visigino vya mnyama.

Kosa la pili tulilikuta nyuma ya punda. Pale panapaswa kuwa na mti mfupi, kamba mbili za kuvutia zikifungwa katika ncha zake, na katikati yake pete inayouruhusu kucheza. Mnyama akitembea, bega moja hutangulia, kisha la pili, na mti huo hucheza kufuata mwendo wake kama mkono wa mizani. Mti wetu ulikuwa umekazwa kwa waya mahali pawili, haukucheza hata kidogo. Kila hatua mkanda ulisugua ngozi. Vidonda tulivyoviona kifuani tulidhani ni vya ukaidi, kumbe ni vya waya.

Wanaotumia ng'ombe wawili wana hesabu yao pia. Mistari ya mahindi ikiwa na nafasi ya sentimita 75, kila ng'ombe apite katika nafasi yake na jembe lipite katika nafasi ya kati. Basi nira ya palizi iwe na sentimita 150 toka shingo hata shingo. Nira fupi ya kulimia huwafanya wakanyage mahindi, naye mshika jembe hulaumiwa. Na pete ya nira iwe katikati kabisa. Tuseme uzito wa kuvuta ni kilo 60. Pete ikiwa katikati, kila mmoja huvuta 30. Ikisogea sentimita 15 upande mmoja, ng'ombe wa upande huo huvuta 36 na mwenziwe 24. Mmoja anafanya kazi ya mtu na nusu, mwingine anatembea. Kama ng'ombe mmoja ana nguvu zaidi, waweza kuisogeza pete upande wake kwa makusudi. Lakini isogezwe kwa akili, isiwe kwa sababu fundi hakupima.

Wako watakaosema kwamba siku za wanyama zimekwisha, tungojee trekta. Twawajibu hivi: si kila trekta inayoweza kuingia katika mahindi yaliyofika magotini bila kuyalaza, wala haipandi matuta ya vishamba vyetu vya nyumbani. Na punda si kitu cha kuchezea tena. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda kama milioni 1.8 katika Kenya. Ya mwaka 2019 ilionyesha kama milioni 1.2 tu. Katika miaka hiyo, tangu 2016, yalifunguliwa machinjio ya punda kwa biashara ya ngozi. Mnyama aliye adimu haharibiwi kwa kukosa bolti moja.

Wengine, tena wenzetu, watasema chama si shule ya ufundi. Twawaambia kwamba mfanya kazi anayekijua chombo chake hasingiziwi. Aliyekatwa mshahara katika shamba lile hakuwa na la kujibu, kwa kuwa hakujua kosa liko wapi. Angalijua, angalimwonyesha mwenye shamba uzi na kulabu, na maneno yangalikwisha pale pale.

Tena sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale mfanya kazi alipofanya kosa kwa makusudi. Kushika jembe lenye kulabu mbovu uliyopewa na mwajiri si makusudi yako. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri atoe na atunze vyombo na taratibu za kazi zisizo na hatari. Mgongo wa mshika jembe umo katika sheria hiyo kama vile mkono wa mtu wa kiwandani. Na mnyama mwenye vidonda asifanyizwe kazi. Hilo pia lina sheria yake, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyataka:

1. Kila jembe la palizi liwe na kulabu ya matundu, na spana yake ikae shambani, isifungiwe katika stoo ya meneja.

2. Mshika jembe apewe wakati wa kulipwa, kabla ya kazi kuanza, wa kupima na kurekebisha kulabu, mnyororo na mti wa kuvutia. Na kila mnyama au udongo unapobadilika, apime tena.

3. Mtu asikatwe mshahara kwa mahindi yaliyong'olewa kabla jembe halijatazamwa mbele yake na mbele ya mjumbe wa wafanya kazi.

4. Fimbo iwekwe chini mpaka kulabu itazamwe. Mnyama akisimama, yuko anayemwambia mtu jambo.

Na ninyi, ndugu, msingoje meneja. Wengi wetu tuna vishamba nyumbani na punda wa kukodi. Kesho asubuhi chukueni uzi, mpime. Bamba la matundu matano ni kazi ndogo kwa fundi yeyote mwenye moto na nyundo. Mkilipata, mwonyesheni na jirani.

Mwenye shamba lile aliiona kazi baada ya bamba kufungwa. Alisema punda sasa wamezoea. Hatukubishana naye, ila tulimwomba arudishe mshahara aliokata. Hakurudisha. Ndiyo maana tumeandika haya, ili mwingine akiitwa mzembe, awe na uzi mkononi na chama nyuma yake.

Umoja ni nguvu.