Klabu Yetu Inahitaji Mtunzaji

Jumamosi moja, baada ya kula shawarma Edgware Road, mjomba alinionyesha mahali alipokuwa akinunua nyaya na vipuri enzi za Henry's Radio. Kwa miaka mingi aliendesha chumbani kwake ubao wa matangazo wa kompyuta: kompyuta moja, modemu moja, laini moja ya simu. Ukipiga ukakuta kuna mtu, unangoja zamu yako. Hakulipwa hata senti. Bili ilikuwa yake, na lawama za mkewe pia.

Usiku, simu zikiwa nafuu, mbao kama hizo zilipigiana zenyewe na kubadilishana barua kupitia FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, GreenNet ya hapa London ilipitisha barua kwa njia hiyo hadi Nairobi.

Nakiri nilimcheka. Sasa sicheki. Mashairi na tafsiri za wenzetu waliohitimu zilikuwa kwenye kundi letu la simu tu. Nilipobadilisha simu, zangu zote zilipotea. Mtasema wengine wanazo. Nani? Nimeuliza, kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake.

Naona tumchague mtunzaji. Si mwenyekiti mwingine, hotuba tunazo za kutosha! Ni mtu wa kuhifadhi kazi zetu, kuwajibu wageni, na kumkabidhi mwingine kabla hajahitimu. Mjomba bado ana disketi zake kwenye kopo la biskuti. Mwaka huu niandikeni mimi.